KUPINGA BILA KUPIGANA: Kuwafundisha Wanafunzi wa Kiswahili wa Kiwango cha Juu Kujadili na Kutoa Maoni

Ikisiri

Mwanafunzi wa Kiswahili aliyefikia kiwango cha juu huwa amemiliki ngeli, nyakati na msamiati mpana. Hata hivyo, mara nyingi hushindwa kusimama mbele ya wenzake akatoa rai, akaitetea na kuibadilisha inapobidi. Makala haya yanadai kwamba upungufu huo hausababishwi na uhaba wa maneno. Chanzo chake ni kwamba stadi ya kujadili haifundishwi kama sehemu ya lugha. Yanaonyesha kwamba mjadala ni mapokeo ya kale katika fasihi ya Kiswahili, yanabainisha zana tano za lugha ambazo mjadili huzihitaji, na yanapendekeza somo la mfano la vipindi vitatu.

1.0 Utangulizi

Waswahili husema kuuliza si ujinga. Mwandishi wa makala haya angependa kuongeza kwamba kujibu nako si utovu wa adabu. Funzo hili alilipata kwa gharama, na pengine ni vyema aanze kwa kulisimulia.

Siku nilipotetea pendekezo langu la utafiti mbele ya jopo, mhadhiri mmoja mzee, mtu ninayemheshimu sana, aliniuliza kama sura yangu ya tatu ilikuwa na haja ya kuwapo. Sura hiyo ndiyo iliyokuwa moyo wa kazi yote. Nilikuwa na sababu nne za kuitetea, na nilikuwa nimezifanyia mazoezi usiku kucha. Nilipofungua kinywa, yaliyotoka ni maneno haya tu: "Asante sana, Profesa. Nitarekebisha." Nikaiondoa sura ile. Nikaandika kwa miezi mitano kazi isiyokuwa na moyo. Msimamizi wangu alipoisoma rasimu aliniuliza kwa nini niliiacha sura ya tatu. Nikamwambia kuwa niliambiwa niiache. Akanitazama kwa muda, kisha akasema: "Hukuambiwa. Uliulizwa. Mzee alitaka umjibu."

Wakati huo nilikuwa nimesoma Kiswahili tangu shule ya msingi hadi shahada ya kwanza, na nilikuwa nikiwafundisha wengine. Sikukosa msamiati. Nilichokosa ni sentensi ya kumwambia mtu mkubwa kwamba naona vingine, bila kumvunjia heshima na bila kujivunjia hoja. Swali linaloongoza makala haya ni hili: je, sentensi hiyo ipo katika Kiswahili, na kama ipo, mbona hatuifundishi?

2.0 Kiini cha Tatizo

Dell Hymes, katika maandishi yake ya mwaka 1972, alieleza kwamba kuijua lugha ni zaidi ya kujua kanuni za sarufi. Ni kujua pia nani aseme nini, kwa nani, wapi na kwa namna gani. Huo ndio umilisi wa mawasiliano. Vipimo vya kimataifa vya lugha vinakubaliana na maoni hayo. Mwongozo wa Baraza la Ulaya uliochapishwa mwaka 2001 unamtarajia mwanafunzi wa kiwango cha B2 aweze kueleza mtazamo wake kuhusu suala fulani na kutaja faida na hasara za njia mbalimbali. Vipimo vya ACTFL vya Marekani navyo huweka uwezo wa kutetea rai na kujenga hoja za kidhahania katika kiwango kinachoitwa Superior, yaani juu ya kile kinachoitwa Advanced. Kwa hivyo kutoa maoni si pambo la kuongezwa baada ya lugha kukamilika. Ni ngazi mojawapo ya lugha yenyewe.

Hapa kwetu, Kiswahili kilifanywa somo la lazima lenye kutahiniwa kuanzia mfumo wa 8-4-4 ulipoingia mwaka 1985. Vizazi vya wanafunzi vimeandika insha za mdahalo tangu hapo. Kwa nini basi mwanafunzi wa chuo kikuu hababaike tu anapotakiwa kujadili, bali hata hunyamaza kabisa? Kwa kuyachunguza madarasa niliyosomea na niliyofundishia, naona sababu tatu.

Kwanza, insha ya mdahalo huandikwa na mtu mmoja akiwa peke yake. Mwandishi hutaja hoja tano za kuunga mkono na tano za kupinga, kisha hufunga. Hakuna anayemjibu. Kwa hiyo hujifunza kupanga hoja, wala hajifunzi kukutana na hoja asiyoitarajia.

Pili, methali zimegeuzwa kuwa nukta. Mwanafunzi anapotaja methali huamini kwamba amethibitisha jambo, na msikilizaji naye huamini kwamba mazungumzo yamekwisha.

Tatu, na hili ndilo zito zaidi, adabu imefasiriwa kuwa ni kimya. Mwaka mmoja nilisaidia kufundisha darasa lililochanganya wanafunzi wetu na wageni. Mhadhiri mgeni alipomaliza kuzungumza, mwanafunzi mmoja kutoka Ujerumani, aliyekuwa amejifunza Kiswahili kwa miaka minne, aliinua mkono akasema: "Si kweli. Umekosea." Ukumbi ukanyamaza kimya. Baadaye alinijia akiwa na wasiwasi, akaniuliza: "Nilikosea sarufi?" Hakukosea sarufi hata kidogo. Papo hapo mwanafunzi Mkenya aliyeketi karibu naye alimnong'oneza: "Lakini ulisema kweli. Hata mimi niliona hivyo." Wanafunzi hawa wawili walikuwa na upungufu mmoja wenye sura mbili. Wa kwanza alisema bila adabu. Wa pili alikuwa na adabu bila kusema. Mwalimu wa kiwango cha juu ana deni kwa wote wawili.

3.0 Mjadala si Mgeni katika Kiswahili

Wapo wanaodhani kwamba kufundisha mjadala ni kuleta desturi ya kigeni. Historia ya fasihi yetu inakanusha dhana hiyo. Muyaka bin Haji, mshairi wa Mombasa aliyeishi takriban kati ya mwaka 1776 na 1840, alitunga mashairi mengi katika kujibizana na washairi wengine juu ya siasa za Mombasa na Lamu. Utamaduni huo wa kujibizana uliendelea katika karne ya 20 kupitia kurasa za mashairi za magazeti, na mwaka 1996 mtafiti Ann Biersteker alilitumia neno lilo hilo, Kujibizana, kuwa kichwa cha kitabu chake juu ya lugha na mamlaka katika ushairi wa Kiswahili.

Kujibizana kwa washairi kuna kanuni ambayo darasa linaweza kuiazima. Aghalabu mjibu hufuata bahari ya aliyemwanza, na huyachukua maneno ya mwenzake kabla ya kuyageuza. Maana yake ni kwamba hawezi kujibu asichokisikiliza. Mjadala wetu wa darasani ungepata uhai mpya lau mwanafunzi angelazimika kwanza kuirudia hoja ya mpinzani kwa uaminifu, ndipo aijibu.

Mfano wa pili ni mgogoro wa mashairi ya arudhi na mashairi huru. Kitabu cha Amri Abeid, Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri (1954), kiliweka wazi kanuni za vina na mizani. Diwani ya Euphrase Kezilahabi, Kichomi (1974), ilizivunja kanuni hizo hadharani. Mabishano yaliyofuata yaligusa maswali makubwa: ushairi ni nini, Uswahili ni nini, na nani ana haki ya kubadilisha mapokeo. Wanafunzi wetu huyafahamu mabishano hayo kama orodha ya majina chini ya vichwa viwili, wanamapokeo na wanausasa, kwa ajili ya mtihani. Ni wachache waliowahi kutakiwa kusimama upande mmoja na kuutetea.

Mfano wa tatu unatukumbusha uzito wa jambo lenyewe. Mwaka 1968 Abdilatif Abdalla aliandika kijikaratasi chenye kichwa Kenya Twendapi? Tuzingatie kwamba kichwa hicho ni swali. Kwa swali hilo alifungwa tangu 1969 hadi 1972, na mashairi aliyoyatunga gerezani yalichapishwa mwaka 1973 katika diwani ya Sauti ya Dhiki. Leo Ibara ya 33 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inalinda uhuru wa kujieleza. Uhuru uliolipiwa kwa gharama ya namna hiyo haufai kupotea darasani kwa kukosa sentensi.

4.0 Zana Tano za Mjadili

4.1 Kupima uzito wa dai

Mwanafunzi asiyefundishwa hudai kila kitu kwa uhakika wa asilimia mia. Apewe ngazi ya uhakika na aizoee: "sina shaka kwamba", "naamini kwamba", "naona kwamba", "yaelekea", "huenda", "yamkini". Zoezi rahisi ni kumpa dai moja, mathalani "Sheng inadhoofisha Kiswahili sanifu", alitamke kwa ngazi zote, kisha achague ngazi ambayo ushahidi wake unaweza kuibeba. Atagundua kwamba anayesema "huenda" hana udhaifu wowote. Anaahidi tu kile anachoweza kulipa.

4.2 Kukubali nusu kabla ya kupinga

Hapa ndipo viunganishi vya ukinzani vinapofanya kazi yake halisi: "ni kweli kwamba... hata hivyo", "ijapokuwa", "licha ya", "nakubaliana nawe kuhusu... ila". Wanafunzi wengi huvijua kwa ajili ya kujaza mapengo katika karatasi ya lugha. Wafundishwe kwamba sehemu ya kwanza ya sentensi ni zawadi kwa mpinzani, na kwamba zawadi hiyo lazima iwe ya kweli. Anayesema "ni kweli kwamba" kisha akataja jambo dogo lisilo na maana, hajakubali chochote, na msikilizaji hung'amua hila hiyo mara moja.

4.3 Kujenga dhana kwa -ki-, -nge- na -ngali-

Hakuna mahali ambapo viambishi hivi vinahitajika kuliko katika mjadala. "Wataalamu wakishauriana na wasemaji, neno litaenea" huacha mlango wazi. "Wangeshauriana, lingeenea" hudokeza kwamba hawashauriani. "Wangalishauriana, lingalienea" hufunga mlango: wakati umepita na kosa limekwisha kutendeka. Mjadili anayechanganya viambishi hivi hapotezi alama ya sarufi tu. Hubadilisha shtaka lake bila kujua. Wageni kwa wenyeji hukosea hasa katika ukanushi, kwa hiyo "wasingebuni" na "wasingalibuni" yafanyiwe mazoezi ya mdomo kabla ya siku ya mjadala.

4.4 Kupinga hoja, kumwacha mtu

Brown na Levinson (1987) wamefafanua jinsi wazungumzaji wanavyolindana nyuso. Kiswahili kina njia nyingi za kufanya hivyo ndani ya sarufi yake. Ipo kauli ya kutendwa: "imesemwa hapa kwamba", badala ya "umesema". Upo muundo wa "si... bali", ambao hurekebisha jambo bila kumtaja aliyelisema: "Tatizo si neno lenyewe, bali ni njia iliyotumiwa kulisambaza." Zipo pia kauli za kuomba idhini: "kwa idhini yako, Mwenyekiti", "niwie radhi, Mwalimu, nionavyo mimi". Mwanafunzi yule wa Ujerumani alipofundishwa kauli hizi, alirejea kwa mhadhiri na kumwambia: "Niwie radhi, Mwalimu. Nimeielewa hoja yako kuhusu lahaja, ila kuna mfano mmoja unaonitatiza." Mhadhiri alivuta kiti wakazungumza kwa muda mrefu. Maoni ya msichana yule yalikuwa yale yale ya awali.

4.5 Methali kama mlango

Methali za Kiswahili hukinzana zenyewe kwa zenyewe. Haraka haraka haina baraka, lakini ngoja ngoja huumiza matumbo. Kidole kimoja hakivunji chawa, lakini wapishi wengi huharibu mchuzi. Ukinzani huo ni utajiri kwa mwalimu. Wanafunzi wawili wapewe jozi moja, kila mmoja aeleze ni katika hali gani methali yake ina ukweli. Baada ya zoezi hilo hawatasema tena methali na kuketi. Watasema methali, kisha "na hapa ndivyo ilivyo, kwa sababu..."

5.0 Somo la Mfano

Mada ya mjadala wa kwanza isiwe nzito kupita kiasi wala isidai usomaji mwingi. Mimi hupendelea hoja hii: "Istilahi za kubuniwa zimewaweka mbali wasemaji wa Kiswahili." Kila mwanafunzi amewahi kukutana na tarakilishi katika kitabu na kompyuta mtaani, kwa hivyo kila mmoja ana la kusema.

Kipindi cha kwanza: kukusanya. Wanafunzi wapewe siku tatu wasikilize. Wahesabu ni mara ngapi wanasikia tarakilishi na kompyuta, rununu na simu, runinga na televisheni, na waandike ni nani aliyesema na wapi. Darasani kila kundi lipange matokeo yake kwa mfano wa Stephen Toulmin, aliouwasilisha katika kitabu chake cha mwaka 1958: dai, ushahidi, na kiungo kinachoeleza kwa nini ushahidi huo unalithibitisha dai hilo. Kiungo ndicho wanafunzi husahau. "Watu mtaani husema kompyuta" ni ushahidi. "Kwa hivyo kompyuta ndilo neno linalofaa" ni dai. Katikati yake pamefichwa imani kwamba matumizi ya wengi ndiyo yanayohalalisha neno, na imani hiyo ndiyo inayostahili kujadiliwa.

Kipindi cha pili: kujadili. Darasa kubwa ligawanywe katika makundi ya watu sita: wawili waunge mkono hoja, wawili wapinge, mmoja awe mwenyekiti na mmoja katibu. Pande zichaguliwe kwa kura ili mtu ajifunze kutetea hata asichokiamini. Sheria ziwe tatu. Kila msemaji ana dakika tatu. Hakuna anayejibu kabla ya kuirudia hoja ya mwenzake hadi mwenyewe akiri kwamba ndivyo alivyosema. Na atakayeanza kwa Kiswahili amalize kwa Kiswahili. Sheria hii ya mwisho ni muhimu kwa kuwa mjadala ukipamba moto wengi wetu hukimbilia Kiingereza. Katiba ya mwaka 2010 inakitambua Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Bunge letu, ambamo kilianza kutumika mwaka 1974. Lugha inayoweza kubeba mjadala wa taifa haishindwi kubeba wa darasa.

Tofauti kati ya darasa lililoandaliwa na lisiloandaliwa huonekana upesi. Haya ni majibizano niliyoyanakili kabla ya somo:

Mwanafunzi wa kwanza: Tarakilishi ni neno zuri kwa sababu ni Kiswahili sanifu. Mwacha mila ni mtumwa.
Mwanafunzi wa pili: Hapana, umekosea. Watu husema kompyuta. Wengi wape.

Mazungumzo yakaishia hapo, kila mmoja akiwa ameshinda machoni pake. Baada ya vipindi viwili, wanafunzi wao hao walizungumza hivi:

Mwanafunzi wa kwanza: Mwenyekiti, naona neno tarakilishi lingeenea lau vyombo vya habari vingelitumia kila siku. Runinga nalo lilikuwa geni, na leo tunalisikia katika taarifa ya habari bila kushtuka.
Mwanafunzi wa pili: Kwa idhini yako, Mwenyekiti. Mwenzangu anasema kwamba neno huenea kwa kutumiwa na vyombo vya habari. Je, nimemwelewa?
Mwanafunzi wa kwanza: Umenielewa.
Mwanafunzi wa pili: Ni kweli kwamba runinga limeenea, na katika hilo sina ubishi. Hata hivyo, neno matatu halikubuniwa na kamati yoyote, na hakuna Mkenya asiyelijua. Yaelekea tatizo si kubuni, bali ni kubuni bila kuwasikiliza wasemaji.
Mwanafunzi wa kwanza: Hapo nakubaliana naye nusu. Swali langu ni hili: wasemaji wasipokuwa na neno la dhana mpya kabisa, atasikilizwa nani?

Swali hilo la mwisho halikuwa katika maandalizi ya yeyote. Lilizaliwa pale pale, na nadhani hilo ndilo tunalolitafuta.

Kipindi cha tatu: kutafakari. Kila mwanafunzi aandike aya moja akijibu swali hili: ni hoja gani ya upande wa pili iliyokusogeza, hata kwa hatua moja? Asiyeweza kutaja hata moja ajiulize kama alisikiliza. Hapa ndipo mwalimu anapoweza kupanua mawanda na kuleta mada zenye uzito zaidi: mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliochagua Kiunguja badala ya Kimvita kuwa msingi wa usanifishaji, nafasi ya Sheng, au mgogoro wa mashairi uliotajwa hapo awali.

6.0 Tathmini

Mwanafunzi hujifunza kile kinachopewa alama. Tukigawa alama zote kwa sarufi na matamshi, tutapata hotuba zilizokaririwa. Napendekeza mgao ufuatao wa alama 20: dai lililo wazi na lililopimwa, alama 4, ushahidi na kiungo chake, alama 5, kuisikiliza na kuijibu hoja ya mpinzani, alama 5, adabu na rejista, alama 3, usahihi wa sarufi, alama 3. Mwalimu asitoe alama kwa upande ulioshinda. Pia asimkatize msemaji ili kumsahihisha upatanisho wa kisarufi. Aandike makosa kando na kuyajadili baadaye. Msemaji anayekatizwa kwa ajili ya ngeli hujifunza kwamba ngeli ina thamani kuliko anachokisema.

7.0 Pingamizi na Majibu

Makala yanayohimiza mjadala hayana budi kuzikabili hoja za wapinzani wake. Pingamizi la kwanza ni kwamba tutawafundisha vijana ujuvi. Hofu hii ina msingi, kwani wapo wanaodhani kwamba kupaza sauti ni kujenga hoja. Hata hivyo, ujuvi hustawi pale ambapo watu hawajafundishwa njia nyingine ya kupinga. Mtu aliyezoea kumeza maoni yake kwa muda mrefu, siku anapoyatema huyatema kwa hasira. Kwa hivyo mjadala wenye kanuni unafundisha adabu badala ya kuiua.

Pingamizi la pili ni la wakati. Silabasi ni ndefu na madarasa yamefurika. Ni kweli kwamba vipindi vitatu si vichache. Lakini makundi ya watu sita hufanya kazi kwa wakati mmoja, na mada inaweza kutolewa katika silabasi yenyewe, iwe ni isimujamii au ushairi. Mwanafunzi aliyeutetea usasa kwa dakika tatu hatahitaji kuukariri.

Pingamizi la tatu ni gumu zaidi. Je, mwalimu aliye tayari kuwafundisha wanafunzi kupinga, yu tayari kupingwa? Sina jibu la jumla kwa swali hili. Ninachoweza kukiri ni kwamba mara ya kwanza mwanafunzi wangu aliponiambia "niwie radhi, Mwalimu, nionavyo mimi mfano wako haufai", uso wangu ulipata joto. Mfano wenyewe, nilipoutazama upya, haukufaa. Nikaubadilisha. Darasa halikuporomoka, na heshima yangu haikupungua.

8.0 Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba kujadili ni stadi ya lugha yenye zana zake mahususi, kwamba mapokeo yetu yamejaa mifano yake, na kwamba vipindi vitatu vinaweza kuanza kuleta tofauti. Chama chetu kina nafasi ya pekee katika jambo hili, kwa kuwa mikutano yetu haina mtihani wala alama. Napendekeza kwamba kila muhula kiandae mdahalo mmoja ambapo wanafunzi na wahadhiri wao watasimama pande zilizochaguliwa kwa kura, chini ya mwenyekiti mmoja na kwa dakika sawa.

Nami nilirudi kwa yule mhadhiri mzee. Nilibisha mlango wake nikiwa na karatasi mkononi, nikamwambia: "Niwie radhi, Profesa. Uliniuliza kama sura ya tatu ina haja ya kuwapo. Naona inayo, na ningependa kukueleza kwa nini." Alinisikiliza hadi mwisho. Sababu ya kwanza aliikubali, ya pili akaibomoa, ya tatu akaniongezea ushahidi ambao sikuwa nao, na ya nne akasema tutaijadili siku nyingine. Kisha akaniambia jambo ambalo ningependa kila msomaji wa makala haya alichukue na kwenda nalo: "Sura hiyo irudi. Lakini ungaliniambia siku ile, ungalikwisha kumaliza."

Nilizitambua zile -ngali- mbili katika jibu lake. Zilitumika kwa usahihi kabisa.